Nimeyarudisha Magongo Yangu

Ilembo, Mpanda

Kwa mama yangu mpendwa, Mama Kulwa,

Mwangaluka, mayu. Nakusalimia salamu ya asubuhi kwa sababu najua barua hii utaisoma asubuhi, umekaa kwenye kigoda chako nyuma ya jiko, miwani umeifunga kwa uzi upande mmoja. Umeamkaje? Tumbo linasemaje? Usiniambie halijambo, maana Doto ameshanieleza. Mimi ni mzima. Kifua kilichokuwa kinanisumbua wakati wa masika kimepona, nakula, nalala, na ninagombana na watu kidogo kama kawaida yangu.

Utashangaa kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Nimeandika kwa sababu kwenye simu huwa unanishinda. Ukianza kulia, mimi nakubali kila kitu, halafu nikishakata nabaki najilaumu. Safari hii nataka niseme mpaka mwisho. Isome mwenyewe, taratibu, kidole kikitangulia kama unavyosoma Biblia. Usimpe Doto akusomee, maana Doto ataruka sehemu atakazoona ni kali. Wala usimpelekee mchungaji kabla hujaimaliza. Ukishaimaliza mpelekee tu, sina la kumficha.

Doto amenipigia akaniambia kwamba Jumatano ulianguka kisimani, ndoo ikamwagika, majirani wakakubeba. Zahanati wamesema ni vidonda vya tumbo na usikae na njaa. Halafu akaniambia kwamba hukusikia la zahanati, juu ya kufunga Jumatano umeongeza kufunga na Ijumaa, kwa sababu mwezi ujao kuna mwinjilisti anakuja hapo Malya kwa mkutano mkubwa, na umeshasimama mbele ya kina mama wa kanisa ukaahidi kwamba Kulwa atakuja, atawekewa mikono, na atatembea. Mama, nimekasirika. Nakuambia mapema ili usisome huku unajiuliza huyu mtoto ana nini.

Siji kwenye huo mkutano. Nyumbani nitakuja, ila kwenye mkutano siji, na sababu nakupa hapa hapa.

Kwanza nikueleze ninavyoishi, kwa sababu nadhani huko mnaniona bado nimekaa kwenye mkeka nasubiri kubebwa. Tangu Mjomba Masele anilete huku alipohamisha ng'ombe zake, sijawahi kukosa cha kufanya. Sasa niko na Mama Restituta, Mfipa mmoja Mkatoliki mwenye mdomo kuliko mimi, ana nyumba ya asali hapa Ilembo. Warina asali wanaleta masega kutoka Ugalla kwenye ndoo, yamechanganyika na nyuki waliokufa, majani na vijiti. Mimi nakaa mezani, nakamua, nachuja kwa kitambaa, nta naitenga inachemshwa peke yake. Kazi yote ni ya mikono, na mikono ninayo. Shida yangu ni moja tu, magongo yangu yananata. Nikiyashika na mikono ya asali, nikayaweka chini, sisimizi wanapanda. Jumapili nyingine naingia kanisani nao, na kina mama wa kwaya wananiambia nimekuja na washirika wangu.

Ndiyo, kwaya. Naimba sauti ya pili. Kwenye ibada kila mtu akisimama na mimi nasimama, maana karibu na benchi letu kuna nguzo, naikumbatia kwa mkono mmoja na magongo nayaacha sakafuni. Wimbo mmoja naumaliza vizuri, wa pili miguu inaanza kutetemeka, wa tatu nakaa. Wenzangu wameshanizoea, hakuna anayegeuka kuniangalia. Sasa hiyo nguzo ndiyo iliyoleta mambo.

Mwinjilisti mmoja mgeni alikuja kufanya mkutano kwenye uwanja hapa kwetu, na kwaya yetu ilialikwa kuimba. Tulifungiwa turubai kando ya jukwaa, na mimi nikatafuta nguzo ya turubai nikakaa karibu nayo. Mchana ule watu walikuwa wengi, hata wafugaji wa pembeni walikuja na fimbo zao. Mwinjilisti alihubiri juu ya uponyaji, akaomba maombi marefu, halafu akatuita tuimbe. Nikafanya ninavyofanya siku zote. Nikayalaza magongo chini, nikasimama na nguzo yangu, nikainua mkono mmoja, nikaimba.

Mama, wale wahudumu wa mkutano walikuwa wageni, hawanijui. Utaratibu wao ni kwamba mtu akipona, kifaa chake kinapelekwa jukwaani watu wakione. Mhudumu mmoja akapita nyuma ya kwaya, akaona magongo yako chini na waimbaji wote wamesimama wanaimba. Kwa akili yake muujiza ulikuwa umeshatokea. Hakumuuliza mtu. Aliyaokota, akayapeleka juu, na mimi nilikuwa nimefumba macho kwa sababu ule wimbo naupenda.

Nilifumbua niliposikia vigelegele. Mwinjilisti ameinua magongo yangu hewani, yale ya mninga niliyochongewa na seremala wa Magamba, anatangaza kwamba aliyeyaacha hatayahitaji tena mpaka anaingia kaburini. Uwanja mzima unapiga makofi. Niliona anayahamisha kutoka mkono huu kwenda mkono ule, halafu anajifuta kwenye suruali, nikajua nta imeshamganda. Watu walikuwa wanalia kwa furaha, mama. Kuna bibi mmoja karibu yangu alikuwa anamshukuru Mungu kwa ajili ya huyo mtu aliyepona, hajui ni mimi, na mimi nimeshikilia nguzo miguu imeanza kutetemeka.

Nakuambia ukweli, niliwaza kunyamaza. Ningeweza kukaa chini taratibu, mkutano uishe, watu waondoke, halafu nikayaombe kwa siri. Hakuna ambaye angeaibika. Halafu nikakuwaza wewe. Nikawaza kwamba huenda kwenye uwanja ule kuna mama ana mtoto kama mimi, na akirudi nyumbani atasema mwenzangu binti yake amepona, wangu hajapona, basi kosa ni langu. Hapo nikaiachia nguzo.

Nilitambaa. Mara ya mwisho kutambaa mbele za watu nilikuwa mdogo, kabla marehemu baba hajanitengenezea magongo ya kwanza. Sare yetu ya kwaya ni nyeupe na uwanja ule ni vumbi jekundu, kwa hiyo unaweza kufikiria nilivyofika. Kwaya ilinyamaza. Watu walinipisha, wengine walidhani nimepagawa, wengine walidhani naenda kutoa ushuhuda. Ngazi za jukwaa nilizipanda kwa mikono. Mwinjilisti akainama akanisogezea maiki mdomoni, akasema, "Dada, karibu, sema Bwana amekutendea nini."

Nikasema, "Naomba magongo yangu, mtumishi. Kesho asubuhi nina kazi."

Uwanja mzima ulisikia, maana maiki yake ilikuwa mdomoni pangu. Kule pembeni mtu mmoja akacheka kwa sauti. Alikuwa Mama Restituta, alikuja na chupa zake za asali kuuza. Mwinjilisti akanyanyua maiki akaiambia hadhara kwamba imani ya dada huyu bado ni changa na tumwombee. Mimi sikuwa tena na maiki, lakini sauti ya pili ya kwaya ina nguvu zake. Nikamwambia, "Imani nimekuja nayo. Bila imani nisingetambaa mpaka hapa na watu wote hawa wananiangalia." Nikashika magongo yangu, akayaachia. Nikashuka nikarudi kwenye nguzo yangu, nimechafuka kuanzia kifuani hadi miguuni.

Usifikiri niliondoka pale najisikia shujaa. Nyumbani nililia mpaka kichwa kikauma. Nililia kwa hasira zaidi kuliko aibu.

Siku chache baadaye mchungaji wetu aliniita. Ni mtu mzuri, sitaki umchukie. Alisema nimemdhalilisha mgeni mbele ya kanisa, na ingekuwa vyema nitubu mbele ya ibada na nipumzike kwaya kwa muda. Nilimuuliza nitubu kwa kosa gani, la kutopona au la kusema sijapona. Akasema Kulwa, wewe unajua ninachomaanisha. Nikamwambia sijui, na nitakuja Jumapili kama kawaida. Nikaja. Niliwahi kabla ya wengine, nikakaa kwenye benchi la sauti ya pili, magongo nimeyaweka miguuni. Mchungaji alipoingia aliniangalia, mimi nikamwangalia, akafungua ibada kwa maombi. Mpaka leo hakuna aliyenitoa. Wapo wawili watatu hawanisalimii, wanasema nilimzuia Roho siku ile. Mimi nawasalimia kwa sauti kubwa zaidi ili wapate shida ya kunyamaza.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe.

Baada ya hayo alinijia mwanamke mmoja kutoka Magamba, Mama Neema. Siku ya mkutano alikuwepo. Alikuja kwenye nyumba ya asali na Neema wake mgongoni, mtoto mkubwa tu wa kwenda shule, lakini shingo haikai na mikono inajikunja. Alisema amekuwa akimfungia ndani kila watu wakija, na siku aliponiona natambaa mbele za watu alirudi nyumbani akamtoa mtoto akamkalisha barazani. Nikafurahi. Nikampa kiti, nikampa Neema nta kidogo yenye asali atafune, akacheka mpaka mate yakamtoka. Halafu yule mama akaniuliza swali ambalo sikulitegemea. Akasema, "Dada, mama yako alifunga siku gani mpaka ukawa hivi? Na mimi nifunge hiyo."

Nikamjibu bila kufikiri kwamba ulifunga Jumatano. Akasema basi na yeye atachukua Jumatano. Nilimwangalia, amekonda, kitenge kinamzunguka mara mbili, na mtoto wa kilo zote zile mgongoni. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mama yangu alinifikisha hapa kwa kunipikia, kwa kunibeba mpaka shule wakati wa matope, kwa kumpiga makofi yule mjumbe aliyeniita nusu mtu. Hivyo ndivyo vilivyonifanya niwe hivi. Jumatano zilinifundisha kitu kingine. Nikamwambia ale kwanza, maana mtoto wake anahitaji mgongo wenye nguvu.

Alipoondoka nilikaa na kitambaa cha kuchujia mkononi, asali inadondoka, nikagundua nimemwambia mtu wa Magamba nisiyemjua jambo ambalo wewe hujawahi kulisikia kwangu. Nikasema nitakuambia. Kabla sijapata nafasi Doto akapiga simu kwamba umeanguka.

Basi sikiliza, mama. Mimi na Doto tulipozaliwa, mmoja miguu mizima na mwingine miguu hii, najua watu walisema nini. Ndugu wa upande wa baba walisema Doto aliichukua miguu yote tumboni. Kanisani walisema una dhambi uliyoficha. Na ni kanisani walikokuambia ufunge kila Jumatano mpaka jibu lije. Umefunga tangu wakati huo. Ulikuwa unatupikia, unatupakulia, halafu unakwenda kukaa nje hadi tumalize. Doto alikuwa anakula haraka akacheze. Mimi nilikuwa nakula nikiangalia mgongo wako mlangoni, na nilijua kabisa, tangu sijajua kusoma, kwamba mama hali kwa sababu ya miguu yangu. Kila tonge nililomeza Jumatano nililimeza na jambo hilo. Shuleni walionicheka waliniumiza kidogo. Ule mgongo wako uliniumiza sana, na bado unaniuma, na sikuwahi kukwambia kwa sababu ulikuwa unafanya kwa upendo.

Naujua upendo huo, sina shaka nao. Ila ninakataa kuwa sababu ya njaa yako. Ninakataa kabisa, hata ukinililia, hata ukimleta mchungaji kwenye simu.

Unakumbuka ile habari uliyokuwa unatusimulia ya mjukuu wa mfalme, yule ambaye yaya alimwangusha wakati wa kukimbia vita akalemaa miguu yote miwili? Ulitusimulia ili unipe moyo. Mimi nimeisoma tena juzi, nikatafuta mahali mfalme mpya alipomponya. Hakuna. Alimwita, akamwambia usiogope, akamrudishia mashamba ya babu yake, akamwekea nafasi mezani pake ale siku zote. Habari inaisha bado ni mlemavu, na bado anakula na mfalme. Mama, huyo mtu hakuulizwa imani yake ni kubwa kiasi gani. Alipewa chakula. Mimi Mungu ninayemwamini anafanana na huyo, na nadhani hata wewe unamjua hivyo usipokuwa na hofu.

Usije ukasema Kulwa ameacha wokovu. Sikatai kwamba Mungu anaponya. Akitaka kuniponya anajua ninapokaa, hahitaji nipande treni. Siku hiyo nitakimbia mpaka stesheni na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kujua. Lakini sitayaweka maisha yangu pembeni nikisubiri. Mimi si dua ambayo haijajibiwa. Ulimwomba mtoto, ukapewa wawili, mmoja ni mimi. Nimeshakuja.

Kwa hiyo waambie kina mama wa kanisa kwamba Kulwa amekataa. Tumia neno hilo hilo, wala usinisitiri kwa kusema kazi zimembana. Wakikuuliza maswali wape namba yangu, nina vifurushi vya kutosha. Mimi nitakuja baada ya msimu wa asali. Nitashuka Malya kwa magongo yangu, nitatembea mwenyewe mpaka nyumbani hata kama nitakuta wengine wameshalala mchana na kuamka, na nikifika nataka kukuta umenenepa.

Msalimie Doto, mwambie ile miguu yangu aliyoichukua tumboni aitumie kukuchotea maji, kisimani usiende tena. Msalimie mume wake mpole, anayevumilia maneno yake. Shangazi anayeuza dagaa sokoni mwambie kitenge alichonipa nimekishona na kinapendeza. Bibi mzaa baba mpigie magoti kwa niaba yangu, na mzee wa kanisa jirani yetu, aliyekuwa ananipakia kwenye baiskeli yake, mwambie simsahau kwenye maombi. Mchungaji wako naye msalimie, kwa heshima zote. Mama Restituta anakusalimu, anasema amekusikia sana na siku moja atakuja kukuona.

Barua hii nimempa Mjomba Masele, anakuja huko kuangalia mambo ya yule ng'ombe wa mahari. Anapanda treni kesho, na asiponaswa Tabora na marafiki zake atakufikia Jumanne. Amebeba pia kidumu cha asali ya Ugalla. Nimeichuja mwenyewe, mara mbili, na sisimizi wote nimewatoa.

Jumatano asubuhi chemsha matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, yalainike vizuri, pakua, mimina asali juu, ukae ndani mezani, si mlangoni. Na mimi huku asubuhi hiyo nitakuwa mezani kwa Mama Restituta na kikombe cha uji mbele yangu. Sitakigusa. Nimeshamwambia Doto akae na wewe, na ukishakula anipigie simu, ndipo na mimi nianze. Asipopiga asubuhi nitasubiri mchana, asipopiga mchana nitasubiri jioni, na unanijua kichwa changu nimekirithi kwa nani. Umenifungia miaka yote hii, sasa na mimi najua kufunga. Ukitaka mwanao ale, mama, kula.

Wabeja, mayu, asante kwa yote. Nakupenda.

Ni mimi mwanao wa kwanza kutoka tumboni,
Kulwa